Kuvuta Mark II kwa Hilux, Makambako mpaka Dar: inawezekana au najidanganya?

Kijana wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Shemeji yangu alikuwa anatoka msibani Songea na Toyota Mark II yake, modeli ya GX110, ndani yumo mama mkwe wangu na mabinti wawili. Walipokaribia Makambako mshale wa joto ukaanza kupanda. Mama akauliza, "Hiyo alama nyekundu ni ya nini?" Shemeji akamjibu, "Usijali mama, mji ule pale." Mji ulikuwa bado kilomita kumi na kitu. Injini ikachemsha, ikaanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu, ikazima. Haijawaka tena. Fundi wa kule ameifungua, anasema gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, na beringi za konrodi zimekwisha. Ni ya kupima kilo sasa.

Abiria walipanda basi. Gari imelala kwenye uwanja wa gesti moja, mlinzi anakula elfu tatu kila usiku.

Mimi nina Hilux dabo kebini ya dizeli, manyuali, iko vizuri. Injini nyingine ya aina yake, 1G, tumeshaipata Ilala, imelipiwa, na fundi wetu yuko Tabata Relini. Wenye brekidauni wanataka milioni mbili na laki mbili kuileta gari Dar. Shemeji anasema, "Wewe si una pikapu? Tukaivute." Mke wangu amekaa kimya, ule ukimya wa mtu anayesubiri nikatae kumsaidia kaka yake.

Mpango wetu: kamba ya nailoni mita tano, shemeji anakaa kwenye usukani kule nyuma, tunaondoka Makambako saa kumi alfajiri, saa mbili usiku tuko Dar. Ninachotaka kujua ni kama giaboksi ya automatiki itapona nikiweka gia ya N (nyutro), kama nitumie kamba au chuma cha kuvutia, na mteremko wa Kitonga tutaushukaje. Trafiki je?

Naomba wajibu waliofanya, siyo waliosikia.

Bwana Spana

Mkuu, mimi sijavuta gari umbali huo, ila nimefungua giaboksi za waliovuta, kwa hiyo nina haki nusu ya kujibu.

N siyo usingizi wa giaboksi. Tairi za nyuma zikizunguka zinazungusha difu (gia za katikati ya tairi), difu inazungusha propela (shafti ndefu ya chini ya gari), propela inazungusha mkia wa giaboksi. Pampu inayosambaza mafuta ya haidroliki humo ndani inategemea injini. Injini yako imekufa, pampu haifanyi kazi, vyuma vinasagana vikavu huku shemeji anasikiliza redio. Vitabu vingi vya Toyota za automatiki vinaruhusu kuvuta hivyo kwa dharura tu, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa na umbali usizidi kilomita 80. Kwa hesabu hiyo ruhusa yako inaishia Mafinga hivi.

Bahati yako GX110 inasukumwa na tairi za nyuma. Ukishusha propela umemaliza ugomvi na giaboksi. Kabla ya kufungua, weka alama ya rangi pale propela inapokutana na difu ili ukirudisha ikae vilevile, la sivyo itakutetemesha mpaka meno. Ukiichomoa, haidroliki itamwagika kwenye mkia wa giaboksi, kwa hiyo ziba kwa mfuko mgumu na ufunge kwa mpira wa tyubu. Na nati ziweke kwenye chupa yenye kifuniko, usimpe shemeji mfukoni.

Wengine msome vizuri: hii ni kwa gari ya kusukumwa nyuma. IST na Spacio nyingi zinavutwa na tairi za mbele, hizo unanyanyua mbele. Subaru Forester inasukumwa na tairi zote nne, ukinyanyua mbele ukaacha nyuma zinazunguka chini, unaua kifaa cha kati kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Hiyo inapanda juu ya gari jingine yote nzima, basi.

Dereva Mstaafu

Kijana, umesema wajibu waliofanya. Nimefanya. Nilidhani nitaandika mistari miwili, naona haitoshi.

Nimeendesha magari makubwa barabara hiyo hiyo miaka ishirini na sita, Dar na Tunduma, mara nyingine mpaka Lubumbashi. Sasa niko Mbezi nafuga kuku. Mwaka 2011 mdogo wangu aliharibikiwa na Corolla 110 Iringa, nami kwa kiburi cha kuijua barabara nikachukua pikapu na kamba kwenda kuileta. Ilikuwa manyuali, nyepesi kuliko hiyo Mark yenu. Nyuma nilimweka mwanangu wa kwanza, leseni yake ina miezi minne.

Kamba ya kwanza ilikatika Ipogolo, hata mji hatujauacha. Nililaumu kamba. Kumbe kamba haikatwi na uzito, inakatwa na mshtuko: inalegea, halafu inakaza ghafla. Tukainunua nyingine nene, nikamfundisha kijana jambo ambalo wavutaji wengi hawafundishani, kwamba mwenye breki ni wa nyuma. Akiona nataka kupunguza, yeye ndiye akanyage kwanza, taratibu, kamba ibaki imekaza, tusimame wote kama kitu kimoja. Wa mbele akitangulia kukanyaga, wa nyuma anakuja kumbusu kwenye bampa. Basi tukapeana ishara. Nikitoa mkono nje na kuushusha, anashika yeye.

Iringa mpaka Ilula tulikwenda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi.

Sasa sikiliza habari ya breki za gari lililozimwa. Mguu wako una nguvu kwa sababu kuna sevo inayokusaidia, na sevo inapata nguvu yake kwa injini. Injini ikizima unabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Breki zipo, lakini unazipata kwa kusimama juu yake na mguu mzima. Usukani nao vilevile. Ukiwa kwenye mwendo hausumbui, ila kwenye kona ya polepole unausokota kama unakamua nguo ya jinzi.

Na Kitonga yote ni kona za polepole.

Tuliishuka saa nne asubuhi. Upande wa kupanda malori yameshikana mkia kwa mkia, moja limeharibika kwenye kona na majani yamewekwa barabarani. Mimi niko gia namba mbili, injini inanishikilia, siendi zaidi ya ishirini na tano. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya breki. Nikajisemea ni lori la mbele. Kwenye kona iliyofuata natazama kioo cha kulia, naona pua ya Corolla inanichungulia ubavuni. Siyo nyuma yangu, ubavuni! Kamba imelala chini, kijana amekaza macho, na kwa juu linakuja basi.

Niliongeza mwendo. Dereva yeyote akiona mteremko atataka kushika breki, mimi niliongeza, maana nikishika ananipita na kamba inazungusha pikapu. Kamba ikakaza, yeye akavuta hendibreki kidogo kidogo, akarudi nyuma yangu. Basi likapita likipiga honi mpaka chini.

Ruaha Mbuyuni tukasimama. Kijana akashuka, akaenda kukaa chini ya mbuyu karibu na wauza vitunguu, akaniambia, "Baba, nenda wewe nyuma." Nikamkaripia. Akarudia maneno yaleyale, kwa heshima kabisa, wala hakusimama. Basi nikaenda mimi nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mtoto. Miaka yote ile sijawahi kuogopa barabara kama siku hiyo. Unachoona ni mlango wa nyuma wa pikapu na moshi, basi. Wa mbele anaona shimo analipitisha katikati ya tairi zake, wewe hulioni mpaka umelila. Anapita lori linalopanda Iyovi, wewe hujui kama nafasi yake ni nafasi yenu wawili. Mkono wake ukitoka dirishani huna hakika ni ishara au anatupa ganda la ndizi. Mwanangu aliwahi kutupa ganda la ndizi. Nilikanyaga breki.

Kamba ya pili ilikatika ndani ya hifadhi ya Mikumi. Barabara inapita humo kama kilomita hamsini, na matuta yake kwa gari linalovutwa ni nyundo: pikapu linashuka tuta linakimbia, la nyuma bado linapanda, kamba inapigwa. Nyati walikuwa kama hatua mia hivi. Kule hushuki garini, na kuunga kamba lazima ushuke. Tulikaa kila mtu kwenye gari lake, tunatazamana kwa kioo, mpaka dereva mmoja wa lori akatuelewa, akasimamisha lori upande wa nyati kama ukuta. Tulifunga fundo kwa dakika moja. Jina lake sikuliuliza, mpaka leo najilaumu.

Chalinze tukalala. Betri ya Corolla ilikuwa imekufa kwa kuwasha taa za hazadi mchana kutwa, na gari lisilo na taa huwezi kulivuta usiku. Tulifika Mbezi siku ya pili saa tano, kwenye foleni ya kuingia klachi ya pikapu ikaanza kunuka, wiki hiyohiyo ikaniacha. Klachi pamoja na ufundi vilinigharimu karibu sawa na brekidauni niliyoikimbia Iringa. Hizo saa kumi na sita zako umehesabu kama kwamba hamtakula wala kukojoa.

Chuma ni bora kuliko kamba, hilo halina ubishi. Chuma hakilegei, na kama kina umbo la A kinafungwa sehemu mbili chini ya gari la nyuma, gari linafuata lenyewe. Lakini chuma hakileti breki. Hilux nyingi, kitabu chake kinasema mzigo wa kuvuta usio na breki zake mwenyewe mwisho kilo 750. Mark yenu ina karibu tani moja na nusu. Tambarare utavuta na utasema wazee waoga. Kwenye mteremko wa Kitonga wewe ndiye utakayesukumwa.

Trafiki mnaye, faini mtalipa na kuendelea. Huyo siye ninayemwogopea.

Kijana wa Tabata

Shikamoo mzee. Nimemsomea shemeji habari ya kioo cha kulia, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yeye alikuwa na kamba mbovu." Mke wangu alikuwa anasikiliza. Sasa yeye ndiye hataki twende.

Vipi kupakia kwenye semi zinazorudi tupu kutoka Tunduma? Kuna mtu amenitajia laki nane.

Bwana Spana

Inafanyika. Mnatafuta gema la udongo, semi inarudi nyuma mpaka bodi ilingane na gema, mnaisukuma gari inaingia. Tairi mnazifunga kwa kamba, mnaweka na magogo.

Ila uliza kwanza mtashushia wapi. Mteja wangu mmoja alipakia RAV4 vizuri kabisa huko Mbeya, ikafika Mbezi usiku, dereva ana haraka ya bandarini, gema hakuna. Walizunguka na semi mpaka alfajiri wakitafuta kilima Dar es Salaam. Mwishowe waliomba rundo la kifusi kwa watu wanaojenga, na fundi wa zamu akataka chai ya watu sita.

Mama Nasra wa Mbao

Samahanini, mimi magari siyajui, nauza mbao Buguruni. Mzigo wangu unatoka Mafinga kwa Fuso, kwa hiyo barabara hiyo naijua kwa kupiga simu tu, "mko wapi, mbona hamfiki."

Fuso zinazokuja Dar zinakuja zimejaa, usihangaike nazo. Zinazorudi ndizo tupu.

Ila nimesoma toka juu mpaka chini kuna kitu sijaelewa. Gari iko Makambako. Injini iko Ilala. Pikapu iko Tabata, na pikapu lazima iende Makambako vyovyote vile. Kwa nini iende tupu? Injini si inaingia nyuma ya pikapu? Mpakie na fundi, afungie hukohuko, gari irudi kwa miguu yake. Au injini inafungwa Dar peke yake?

Bwana Spana

Mama Nasra, nimekaa na simu mkononi kama dakika tano.

Inaingia, ndiyo. Ilaze juu ya tairi mbili chakavu, ifungwe pande nne, oili imwagwe kwanza. Hakikisheni imekuja na waya zake na kontrolboksi (kompyuta ya injini) ya aina moja na ya kwenye gari, maana kukosa plagi moja Makambako siyo sawa na kukosa plagi moja Ilala. Bebeni hosi mpya, themostati mpya, kulanti, haidroliki, gasketi za egzosi. Cheni bloku ulizeni huko, gereji za magari makubwa wanazo. Na mkirudi, namba ya injini kwenye kadi ikabadilishwe TRA, msije mkaacha mpaka siku ya kuuza.

Dereva Mstaafu

Miaka ishirini na sita barabarani, nimeshindwa na muuza mbao. Sawa.

Kijana wa Tabata

Wakuu, mrejesho. Naandika nikiwa Chalinze, tunakula mishikaki, Mark II imeegeshwa mbele yangu na imekuja yenyewe.

Tuliondoka Jumatano mimi, shemeji, fundi na injini. Fundi hajawahi kuvuka Morogoro. Baridi ya Makambako ilimkuta na tisheti ya mikono mifupi, siku ya kwanza alifunga nati amejitanda kitenge cha mhudumu wa gesti, watoto wa jirani wakawa wanakuja kumtazama. Kazi ilichukua siku tatu badala ya moja na nusu. Plagi ya sensa moja ilikuwa tofauti kama Bwana Spana alivyotabiri, ikabidi wakate ya injini ya zamani waunge.

Ila nataka kumwambia mzee kitu. Kutoka gesti mpaka gereji yenye cheni bloku ni kama kilomita mbili. Tulivuta kwa chuma cha kuazima. Shemeji akashika pikapu, mimi nikakaa nyuma kwenye Mark. Kilomita mbili tu, tena tambarare. Mbele naona mlango wa pikapu wenye kutu na stika ya mwaka juzi. Nilikanyaga pedali mara ya tatu nikadhani kuna jiwe limeingia chini yake. Kwenye kona ya kuingia gereji shemeji alikata kama anayeendesha peke yake, nikapanda tuta la maua la watu. Tumelilipia. Nilitoka shati limelowa, na ni Makambako, saa mbili asubuhi.

Kitonga tumeshuka jana jioni kila mtu na gari lake. Nilitazama kioo cha kulia muda wote, sijui nilikuwa namtafuta nani.

Mama Nasra, mke wangu ameomba namba yako kwa faragha. Anataka mbao za kitanda, na nadhani anataka pia kukupongeza kwa kumshinda kaka yake.

Mama Nasra wa Mbao

Karibuni Buguruni. Mbao za kitanda kama ni nzuri zikauke kwanza, msije na haraka.

Dereva Mstaafu

Marahaba, na poleni kwa safari. Nina swali moja. Injini ya kwanza ilikufa kwa joto. Rejeta mlibadilisha?

Kijana wa Tabata

Mzee, tuliisafisha tu kwa maji. Fundi alisema inatosha, feni nayo inazunguka.

Dereva Mstaafu

Rejeta iliyoua injini moja haioshwi, inatupwa. Mpigie shemeji sasa hivi, mwambie atazame mshale kila baada ya dakika mbili, na ukivuka katikati asimame pembeni azime.

Kijana wa Tabata

Nimempigia. Yuko mbele yangu, kwenye foleni ya Kibaha. Anasema umepanda kidogo tu, nisiwe na wasiwasi, Mbezi ile pale.